Mtungi wa Watu Wawili

MAHFOUDHA: Haloo? Nani mwenzangu?

HARUB: Mimi. Mumeo.

MAHFOUDHA: Alaa, Baba Saeed! Namba ya nani hii?

HARUB: Nimenunua laini mpya. Nipo pwani ya Yiti, nimesimama nje ya karavani, ndani mtandao haushiki. Mahfoudha, nna habari. Nimekwenda mpaka Rusayl, kule viwandani, nimeipata!

MAHFOUDHA: Umepata nini?

HARUB: Mashine ya kulainisha maji. Mtungi tu, mrefu hivi—

MAHFOUDHA: Hivi vipi? Mie nakuonea wapi?

HARUB: Wa kufika kiunoni, bibi wee! Naubeba mwenyewe. Maji ya kisima yanaingia juu na chokaa lake, ndani mna punje zinalidaka, yanatoka laini. Yale yaliyokuwa yakikuwasha ngozi, yakikukakamaza nywele, khalas!

MAHFOUDHA: Hongera.

HARUB: Basi hivyo tu?

MAHFOUDHA: Niseme nini tena? Umekula?

HARUB: Nimepika chai. Birika nimelisugua, halishiki tena ule ukoko mweupe. Na ile sabuni yako uliyoisahau, wallahi, povu mpaka kwenye viwiko. Walikuwa nayo na ndogo, mwenye duka akaniuliza, nyie watu wangapi? Nikamwambia wawili. Nikachukua kubwa. Haloo? Unanisikia?

MAHFOUDHA: Nakusikia.

HARUB: Kesho nakuja kukuchukua. Nasimama hapo getini, napiga honi—

MAHFOUDHA: Getini. Huingii.

HARUB: Nitakuwa na haraka, unajua barabara ya—

MAHFOUDHA: Baba Saeed, tangu tumzike mwanetu hujakanyaga ndani ya nyumba hii. Hata hitima hukungoja imalizike. Ukenda kununua karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, ukanitia ndani, tukawa leo pwani hii kesho pwani ile. Nani anatufukuza?

HARUB: Si ulisema maji? Si wewe uliyerudi nyumbani Azaiba ukasema, Harub, maji haya siyawezi?

MAHFOUDHA: Nilisema maji, eh. Ningelisema jengine usingelinisikiliza. Maji yana dawa dukani.

HARUB: (mtandao unakwaruza) ...sikupati vizuri, Mahfoudha—

MAHFOUDHA: Umenipata. Na hilo "Mahfoudha" limetoka wapi? Tangu nijifungue mtoto yule ulikuwa ukiniita nani?

HARUB: Wacha hayo, salio linakwisha.

MAHFOUDHA: Mie kila siku nakuita lako, roho inaniuma lakini nakuita. Niite na wewe langu, mara moja tu. Sikwambii uingie chumbani kwake. Niite, nakuja leo hii, hata kwa maji ya kisima.

HARUB: Mama...

MAHFOUDHA: Eh. Mama nani? Mama nani, mume wangu?

HARUB: Kuna... kuna na karatasi za kupimia. Unachovya moja majini, isipogeuka rangi ndiyo laini. Nimepima mara tatu leo. Haigeuki. Ungeliiona—

MAHFOUDHA: Basi. Basi, usilie.

HARUB: Silii. Upepo huku.

MAHFOUDHA: Haya, upepo. Hizo punje zikijaa chokaa unafanyaje?

HARUB: Unatia chumvi ya jikoni, unapitisha maji polepole, unayamwaga. Zinarudi kama mpya. Kwa watu wawili ni kila wiki mbili.

MAHFOUDHA: Basi kwa mtu mmoja utatia mara moja kwa mwezi.

HARUB: Mtu mmoja?

MAHFOUDHA: Na hayo ya chumvi uyamwage yote, uisuuze vizuri, usije ukayanywa na presha yako hiyo.

HARUB: Mtu mmoja vipi? Nimekwambia nimechukua kubwa—

MAHFOUDHA: Na chai usinywe kavu. Nunua hata mkate.

HARUB: Ngoja, ngoja kwanza, simu inalia, inataka kukatika. Kesho nitakuja, nitajaribu, labda nitafika mpaka barazani—

MAHFOUDHA: Usijisumbue. Kwa heri, Harub.

HARUB: Umeniitaje? Haloo? Si hilo, niite lile jengine... Haloo? Haloo?