Bata Aliyeyumba: Maisha ya Baba Yetu, Fundi Bata (1931–2021)

Ninyi mliokuja kumsindikiza, wengi wenu mlimwita Fundi Bata tu, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Alizaliwa tarehe 11 Machi 1931, mtoto wa tatu wa mshona viatu na muuza maziwa.

Alianza shule mwaka 1939 akaishia darasa la sita. Mwalimu wake wa hesabu alimwambia, "Wewe, vidole vyako vina akili kuliko kichwa." Marehemu alisimulia hilo maisha yake yote, kwa majivuno, kama vile alikuwa amesifiwa.

Mwaka 1948 mjomba wake alimchukua kwenye karakana ya madawati ya shule, akajifunza randa, msumeno na keekee ya kutobolea mbao. Huko alirithi rula ya mbao iliyovunjika ncha, hata ikawa inaanzia kwenye moja badala ya sifuri. Kila akipima, ilibidi akumbuke kutoa moja. Kununua rula mpya alikataa katakata.

Tarehe 8 Agosti 1953 alimwoa mama yetu, mshonaji wa sare, wakaanza maisha katika chumba kimoja nyuma ya karakana. Mwaka 1955 akazaliwa dada yetu mkubwa. Marehemu akamchongea bata wa mbao wa kukokota kwa kamba, mwenye magurudumu manne. Kwa furaha ya kuitwa baba, alipopima matundu ya magurudumu ya mbele alisahau kutoa moja, yakakaa pembeni badala ya katikati. Kamba ilipovutwa, bata akawa anainama na kuinuka, tako-tako-tako. Marehemu aliona haya, akataka kumtia jikoni awe kuni.

"Wee, thubutu!" mama akamwambia. "Umeona wapi bata anatembea kama askari wa gwaride?"

Basi bata akabaki. Majirani nao wakataka wa kwao, na kwa zaidi ya miaka thelathini, kazi ya madawati ikiisha, marehemu alichonga mabata, kila mmoja akiwa na kosa lilelile lililopimwa kwa makini. Yule wa kwanza alitulea sote wanne.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Baba alificha kizunguzungu wiki mbili, hadi Februari 2020 alipopata kiharusi na mkono wa kulia ukalegea. Aliomba bata wake, akawa anaufanyisha mkono mazoezi kwa kumkokota juu ya meza. Hapo ndipo kitinda mimba wake, fundi wa mashine, ambaye ndiye huyu anayewasomea, alipojitia ujuaji. Aliona magurudumu ya mbele yamelika, akayatupa, akaweka mapya yenye tundu katikati kabisa. Bata akateleza kimya.

"Mmeniletea bata wa nani?" baba akauliza, akaiachia kamba. Siku tisa hakuufanyisha mkono ule mazoezi wala kumgusa bata. Muuguzi alituonya kwamba mkono ukilala hivyo, hautaamka tena. Kitinda mimba hakula vizuri siku hizo, na hasemi hivyo ili aonewe huruma.

Siku ya kumi alikwenda karakanani kwa dada kuazima ile rula, akachonga magurudumu mengine, akamletea baba. Mwana akapima, baba akatia alama kwa mkono wa kushoto, mwana akatoboa.

"Umepima?"

"Nimepima, baba."

"Sawasawa?"

"Vibaya kabisa, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaishika kamba kwa mkono wa kulia, taratibu, na nyumba nzima ikasikia tako-tako. Aliendelea hivyo kila siku hadi tarehe 2 Juni 2021 mchana, alipotutoka akiwa na miaka tisini, kamba ikiwa bado kidoleni.

Mama alimtangulia mwaka 2009. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu sita na bata mmoja, ambaye leo amekokotwa hapa na kitukuu wa mwisho, mmemsikia wenyewe.

Jeneza hili amelitengeneza dada, mrithi wa karakana, kwa rula ileile. Nilimuuliza kama alikumbuka kutoa moja. Akasema alikumbuka, kisha akalia.

Pumzika kwa amani, Baba. Safari hii tumepima sawasawa, utusamehe.