Sista Kisogo na Swali Lake la Sinkini

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama: katika miaka ishirini na sita ambayo muuguzi wa shule yetu ametuhudumia hadi anapostaafu Ijumaa hii, kuna siku moja niliona heri nife kuliko kumjibu.

Wageni mtakaosoma programu hii ya kumuaga mtashangaa kwa nini tunamwita Sista Kisogo, na kwa nini naye anaitika. Alipofika, chumba cha wagonjwa kilikuwa stoo ya majembe, naye akataka sinki lifungwe kabla ya kitanda kuletwa. Mafundi walimcheka. Sisi tunaelewa. Anakupima joto, anakutania kidogo, kisha anageuka kunawa mikono, na swali lenyewe linakuja akiwa amekupa kisogo, bomba linatiririka. Unachoona aibu kuuambia uso, unauambia mgongo.

Siku hiyo mimi nilikuwa naendesha tangu juzi yake. Kuharisha kwa kawaida nilikujua: ni maji maji, unakunywa ile dawa ya chumvi na sukari ya pakiti, kunapita. Hii ilikuwa nyingine. Homa, tumbo linasokota, nakimbilia chooni halafu natoa kidogo tu, ute na damu. Mabinti wa bweni wakaniuliza kama nimefungua ofisi huko chooni. Nikacheka nao, kisha nikameza vidonge vya kufunga tumbo alivyonipa rafiki. Ajabu ni kwamba kuhara damu nilikuwa nimekujibu kwenye mtihani wa baiolojia, kwa lugha ya darasani, nikapata alama zote. Kwa lugha ya nyumbani, tena habari yangu mwenyewe, mdomo uligoma.

“Ni tumbo tu, Sista,” nilisema.

Akageukia sinki. “Maji matupu, mwanangu, au kuna kitu chekundu?”

Alinawa mikono ile mpaka nikaihurumia.

“Kuna damu.”

“Haya. Sasa tunaongea.”

Bado hakugeuka. Alinieleza kwamba kuharisha kwa kawaida hatari yake kubwa ni mwili kuishiwa maji. Damu ni habari nyingine: utumbo umejeruhiwa, mara nyingi na vijidudu, hivyo choo lazima kipimwe na dawa ifuate kilichoonekana. Nilipotaja vile vidonge, akaguna. “Mwizi yuko ndani, wewe unapiga kufuli?”

Nilipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Jioni alipita bwenini akamwita kila mmoja peke yake, kwenye bomba la bweni. Wakapatikana wengine wawili walionyamaza kama mimi. Siwataji, ila mmoja ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mwalimu aliniambia niandike mafanikio yake. Ninayoyajua ni haya: sisi watatu tulipona, na wengine wote bwenini hawakuugua.

Atakayempokea kazi huenda akakuuliza huku anakutazama machoni. Wewe mdogo wangu wa kidato cha kwanza, mjibu hivyo hivyo.

Sista, ahsante kwa subira ya mgongo wako. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na mtu anayegonga mlango, na wajukuu wanaosema ukweli mapema.

Nasikia viatu vya mwalimu vinakuja huku, anafuata karatasi hii. Tangu asubuhi nimeifunika kwa mkono. Nauondoa.