Jina Chini ya Plasta

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, katibu wa udahili wa chuo chetu cha udaktari wa meno anastaafu. Wengi wenu mnamjua kama Mama Plasta, na wapo madaktari wenye kliniki zao ambao hadi leo hawajui kwamba ana jina jingine.

Alianza kama mpiga chapa katika chumba kile chembamba kando ya maabara ya meno bandia, ambako vumbi jeupe liliingia hadi kwenye kikombe cha chai. Siku hizo kamati ya udahili ilisoma jina la mwombaji kwanza, kisha jina la baba yake, halafu, muda ukiruhusu, alama. Alipofanywa katibu, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kliniki kuomba plasta nyeupe, ile ya kushikilia bandeji, akaziba majina kwenye mafaili yote. Wazee wa kamati walinung'unika weee. Mwaka uliofuata wakaanza kulisifu wazo hilo kana kwamba ni lao, naye akawaachia.

Kilichobaki wazi ni alama za aina mbili, na hapo ndipo alipotufunza kazi sisi wanakamati wapya. Alama za darasani, alisema, zinaonyesha uvumilivu wa miaka. Mtihani wa udahili unaonyesha uwezo wa asubuhi moja, karatasi ikiwa ileile kwa wote. Ukisoma moja ukaacha nyingine, umemwona mtu nusu. Mwombaji aliyeanza na C ya kemia akamaliza na A alimthamini kuliko aliyeanza juu akateremka. Lakini sehemu ya maumbo katika mtihani, ile ya kutazama kitu na kukigeuza akilini, hakuilegeza kamwe. Daktari wa meno hufanya kazi akitazama kioo kidogo, mambo yakiwa kinyume, na jino la mtu halisahihishwi kwa kifutio. Baba mmoja aliwahi kupiga simu kueleza kwamba mwanawe anastahili nafasi kwa kuwa ana meno mazuri mno. Mama Plasta alimshukuru kwa upole, akamwambia kijana atafaa sana kwenye bango la ukutani.

Lakini kinachotufanya tusimame anapopita ni kikao cha mwaka mmoja. Asubuhi hiyo aliomba ruhusa ya shughuli za kifamilia; mwenyekiti akamkatalia, maana hakukuwa na mwingine aliyeyajua mafaili. Mchana likaja faili lenye A mwanzo hadi mwisho, ila alama za maumbo zilikuwa chini kidogo ya kiwango. Kamati ikagawanyika. Mhadhiri wa magonjwa ya fizi, mtu wa huruma, alitaka mwombaji apokelewe hivyohivyo. Kama kawaida walimgeukia katibu awakumbushe kanuni, naye akaisoma kwa sauti yake ya siku zote: aliye chini ya kiwango arudi mwakani. Wakakubaliana arudi.

Plasta ilipobanduliwa, tuliona jina la kitindamimba wake.

Ndipo tukaelewa kwa nini asubuhi aliomba ruhusa. Mwenyekiti akasema faili lijadiliwe upya. Mama Plasta akaichukua plasta ileile, akaibandika tena juu ya jina, akaomba faili linalofuata. Nilikuwa nimeketi kando yake. Sijawahi kuona ujasiri wa namna ile, na sidhani kama nitauona tena.

Nyumbani binti alimnunia kwa miezi. Kisha akaanza kujifunza kuchonga meno kwa vipande vya sabuni, na mama mtu akawa anaoga kwa magego. Mwaka uliofuata binti alirudi, jina limezibwa kama la mwombaji mwingine yeyote, akapita bila mjadala. Leo ni daktari katika kliniki yetu ya ghorofa ya chini, mlango ambao mama yake huupita mbiombio, maana huyu aliyetuletea madaktari wote hawa anakiogopa kile kiti kama mtoto.

Mama, asante kwa kutufundisha haki kwa vitendo. Tunakutakia mapumziko yenye afya, usingizi wa asubuhi, na siku moja uthubutu wa kufungua kinywa mbele ya mwanao. Umeona kwamba hatukukutaja jina. Kwenye jalada la programu hii ya kukuaga tumelibandika plasta, ili wageni waisome kazi yako kwanza. Sasa wamekwisha kuisoma. Tunamwomba daktari wa ghorofa ya chini apite mbele, aibandue.