Mwalimu Kasongo na Kijana Aliyemwimbia Ng'ombe

Ejok, wasikilizaji wapendwa. Lodwar leo ina jua lake, nasi tuna msiba. Mwalimu Kasongo hayupo tena. Mkongo huyu, mshauri wa nafsi na mwalimu wa saikolojia, amefia Kakuma, katika kambi ya wakimbizi, alikoishi miaka mingi.

Somo alilolipenda lilikuwa moja. Zamani, alisema, akili ya binadamu ilikuwa shamba la wanafalsafa: mtu anakaa, anawaza, anatoa hukumu. Kisha, karne ya kumi na tisa, Wajerumani wa mji wa Leipzig wakaiingiza maabarani. Wakaanza kupima na kulinganisha. Hapo saikolojia ikawa sayansi. Kisia, pima, linganisha, na ukikosea kubali. Hilo la mwisho, wasikilizaji, lilimtoa jasho.

Siku moja aliletewa Mabior, kijana wa Kidinka kutoka Sudan Kusini. Kijana ameinua mikono, ameipinda kama pembe, anaimba peke yake kutwa nzima. Kasongo akamuuliza maswali ya kitabuni, kisha akaandika: amerukwa na akili. Mabior akapelekwa Lodwar, akafungiwa katika wodi ya wagonjwa wa akili.

Mkongo na ng'ombe wapi na wapi? Dada ya Mabior, Agot, ndiye aliyemfumbua macho.

"Mwalimu, hii si wazimu. Anaimbia dume yake ya ng'ombe, ile ilibaki nyumbani. Kwetu vijana yote inaimba hivyo."

Kasongo hakubisha, wala hakuamini kwa neno tu. Jumapili akaenda kwenye ngoma ya Wadinka. Mikono ilikuwa juu, kila kijana na pembe zake. Akalinganisha, akakubali: amekosea.

Lakini kukubali ni jambo moja, kutoka Kakuma ni jingine. Wodi ilisema aliyetoa hukumu aje mwenyewe kuifuta. Mkimbizi hatoki bila kibali, na kibali hakikuja. Akajaribu kwenda hivyo hivyo. Polisi wakamshusha kwenye kizuizi, wakamrudisha. Mabior amefungwa Lodwar, Kasongo amefungwa Kakuma. Aliogopa kwamba dawa na mlango uliofungwa vitamtia kijana wazimu ule ule aliouandika.

Mjane wake, mama Jeanine, anakumbuka: "Usiku alikuwa halali. Alikuwa anasema, 'Jeanine, ule mtoto wa watu ni mie nilimufunga.' Na chakula kilikuwa kinamushinda."

Kila asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya vibali, mpaka wakamchoka, wakampa. Akaingia wodini, akaomba radhi mbele ya madaktari na wauguzi, akamtoa Mabior. Kijana alikuwa amekonda, hasemi na mtu.

Kasongo mwenyewe alirudi kambini, wala hakuhama tena. Juzi alizikwa huko huko. Mabior ndiye aliyechimba kaburi, katika ardhi ile ngumu, na jembe hakumwachia mtu. Alipoulizwa kwa nini, alisema: "Watu mingi ilikosea mimi. Huyu peke yake alirudi."

Mama Jeanine, pole sana, wewe na watoto na wanafunzi wake. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu amewahi kumhukumu mtu na kumwacha. Leo amkumbuke kwa jina, kisha amrudie.