Miaka Iliyoandikwa kwa Kutazama Uso

Mheshimiwa Diwani, mashehe wetu, Mwenyekiti wa kikundi Bi Hamisa, kina mama wa Mikindani na ndugu wageni waalikwa, asalaam alaykum.

Kwa miaka tisa nimeshindana na swali moja: je, liwa hii ya msandali tunayojipaka usoni huzuia ngozi isizeeke, au ni sisi tu tunaotaka iwe hivyo? Mwilini mna vimeng'enya vinavyokata nyuzi zile zinazoifanya ngozi ikivutwa irudi. Umri ukisogea, vinakata zaidi kuliko mwili unavyoweza kushona. Mwaka 1998 nilipima ngozi za kina mama mia na ishirini, nikazilinganisha na umri ulioandikwa kwenye kadi zao za zahanati. Wapakaji wa liwa walikuwa na ngozi changa kuliko umri wao. Nikaandika kwamba huenda liwa inavizuia vimeng'enya hivyo. Kwenye makopo ya liwa tunayoyazindua leo neno "huenda" silioni. Jina langu naliona.

Mwezi uliopita nilimuuliza Bi Somoe, mmoja wa wale mia na ishirini, ambaye hatoki nyumbani bila liwa, ana miaka mingapi. Akacheka. "Muulize Jafari wa kadi, mwanangu. Ndiye aliyenizaa mara ya pili."

Mzee Jafari, karani wetu wa zahanati, upo mbele yangu, na hapa hakuna asiyeusifu mwandiko wako. Nilipokuuliza hukunificha: "Daktari, mtu hajui mwaka aliozaliwa, nifanyeje? Namtazama uso, naandika." Nikauliza, na waliokuja wamejipaka? "Ah, wale niliwaongezea. Liwa ikikauka inapasuka mistari, utadhani bibi kizee."

Ndugu zangu, je, ngozi ndiyo iliyokuwa changa, au kadi ndiyo iliyokuwa nzee?

Bi Hamisa, asubuhi uliniambia, "Dada, liwa bila jina lako ni liwa tu, na mnunuzi wa Dar es Salaam atarudi alikotoka." Pengine atarudi. Hata hivyo, mbele ya wote hawa, naomba jina langu libanduliwe.

Sisemi liwa haifai, sijui. Najishuku na mimi: kwa nini mwaka ule sikuuliza kadi zinaandikwaje, kama si kwa sababu jibu lilinipendeza? Na leo siwezi kupima upya, kwani walioujua umri wa kweli wa Bi Somoe ni mama yake na mkunga wake, na wote wawili wako udongoni.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, ingawa mlikuja kusikia jambo jingine.