Mpiga Gitaa wa Ukoo wa Mwadhini

Tunayemsindikiza leo alikuwa kaka yetu, mume, baba, na mpiga gitaa ambaye wengi wenu mlimwita Nyuzi. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Alirithi jina la ukoo, Mwadhini, ingawa nyumbani hakuna aliyejua nani kati yetu aliwahi kuadhini. Kila alipouliza, baba alimjibu, "Jina la kurithi ni kama koti la kurithi. Likikutosha, vaa unyamaze."

Alisoma hadi darasa la nane, mwaka 1965. Darasani, tuseme ukweli maana marehemu hadanganyiwi, hakuwa lolote. Akili yake ilikuwa kwa fundi redio wa jirani, mwenye gitaa la ufa na santuri za jazi. Fundi alimfunza kwa sharti moja: asipige wimbo kabla hajauimba wote kwa mdomo, pamoja na ngoma na tarumbeta zake. Majirani walikoma.

Mwaka 1972 aliajiriwa na bendi ya jazi ya hoteli. Kiongozi wao, mpiga saksafoni, alikuwa na pumu. Katikati ya kila wimbo alikohoa kidogo, akaiba pumzi, akaendelea. Alifariki ghafla tarehe 2 Juni 1979. Bendi ilipokusanyika kumuaga, kaka yetu aliombwa ajaze nafasi yake kwa gitaa. Aliijaza kupita kiasi. Gitaa lilikohoa, likavuta pumzi, likaendelea. Mjane aliinuka kitini: "Mume wangu, mbona hukuniaga?" Kaka alitaka kuacha, lakini vidole vilimgomea mpaka wimbo ukaisha.

Ndipo shangazi yetu mkubwa alipomweka kitako. Babu wa babu yetu, alisema, hakuwa mwadhini hata kidogo. Alikuwa mfagiaji wa msikiti. Adhuhuri moja alikuwa akifagia ngazi za mnara, mwadhini akaanguka katikati ya adhana. Mfagiaji akaidaka pale pale ilipokatika, akaimaliza, na waliokuwa chini hawakusikia tofauti yoyote. Walipopanda walikuta mwadhini ameshakufa, na mfagiaji analia kwa sauti ya mwadhini. Jina likaanzia hapo. Mkewe aliishi akilalamika, "Niliolewa na mfagiaji, sasa naagizwa chai na marehemu!"

"Na sauti yake mwenyewe?" kaka aliuliza.

"Haikurudi, mwanangu."

Aliogopa, tena aliogopa vibaya. Watu nao walishaanza kumbishia hodi: mpigie mama, mpigie mwanangu aliyetangulia. Akaacha bendi, akafungua karakana ya kutengeneza ala za muziki. Alizitia nyuzi, akazipatanisha, lakini kuzipiga hakuthubutu. Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na muuguzi mwenye maneno yake, aliyemwambia, "Wewe piga sauti yako, hao wengine watakuchoka."

"Yangu siijui," alijibu. "Naogopa nitakufa sijaisikia."

Hilo ndilo lililomkosesha raha miaka yote, wala hatulifichi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Januari mwaka huu wa 2024, alipozidiwa, aliomba gitaa mwenyewe. Binti yake akamwegeshea kifuani, naye kaka akapiga taratibu, mchana kweupe, dirisha wazi. Mkewe akatoka jikoni, mikono ina sabuni.

"Nani huyo?"

"Simjui, mama," binti alisema.

Wakatuita sisi dada zake, tunaowajua wafu wote wa mtaa huu. Tukasikiliza, tukatazamana. Hatukumtambua.

Kaka yetu alicheka mpaka machozi. "Basi huyo ni mimi!"

Alifariki nyumbani, adhuhuri ya tarehe 21 Februari, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, dada wawili, binti mmoja na wajukuu wanne. Jana binti huyo alilichukua gitaa, kulifuta vumbi tu, asema, na vidole vikamponyoka, vikapiga. Mama yake akauliza kutoka chumbani, "Baba yako ameamka?"

Binti naye ni Mwadhini kama sisi. Tunawaomba sana, leo wala siku nyingine, asiwepo wa kumwambia apige.

Kaka yetu apumzike kwa amani, na sauti yake aende nayo.