Bi. Ardis Tollefson, Uso Uliopima Rangi za Chaneli Tisa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, Bi. Ardis Tollefson anaiacha meza ya mapokezi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea simu za kituo chetu cha televisheni.

Aliajiriwa kupokea simu tu. Mwaka 1967 kamera za rangi zilipofika, fundi mkuu Harlan Kjos alihitaji mtu wa kukaa mbele ya kamera kila jioni kabla ya matangazo, huku yeye akizungusha vifundo vya rangi mpaka ngozi ya mtu ionekane ngozi. Alimchagua Ardis akidai ni mtu mkimya. Harlan alikuwa bado mgeni kituoni, hajamjua.

Jumatatu moja ya Julai, Ardis alifika kazini ameiva kama nyanya. Jumapili nzima alikuwa ziwani akivua samaki, bila kofia. Harlan, aliyezoea kutazama skrini kuliko watu, akapunguza wekundu wa kamera mpaka Ardis akapendeza. Saa kumi na mbili, msomaji habari wetu Wendell Braaten akatokea kwenye televisheni za majumbani na rangi ya kabichi iliyochemshwa.

Simu zikalia zote kwa pamoja. "Mwambieni huyo baba aende hospitali, habari zitangoja!" Ikafuata bendi ya muziki wa polka, na bibi mmoja akapiga simu kuuliza kama wanamuziki wamefufuliwa kwa ajili ya kipindi hicho.

Saa moja kamili, Emil Schatz mwenye bucha, mdhamini wa jioni nzima, angekata paja lake la nguruwe hewani. Alishaapa kwamba nyama yake isipopendeza angejitoa, na bila yeye tungerudi kwenye picha nyeusi na nyeupe. Dakika nane kabla ya saa hiyo akapiga simu mkewe: "Ardis mwanangu, kama Wendell yuko hivyo, hiyo nyama itakuwaje?"

Ardis akajiona kwenye kioo cha dirisha, akaelewa. Akapanda ngazi mbio.

"Harlan, kosa ni langu! Nimeungua jua!"

"Mashine hazidanganyi, Ardis."

"Mashine hazidanganyi, ila mimi nimezidanganya. Pima upya!"

Akachota unga kwenye jiko la kipindi cha mapishi, akajipaka uso mzima, akaketi. Harlan akaongeza wekundu, akaongeza tena. Nyama ya Schatz ikang'aa kama waridi, na kesho yake kabla ya saa sita mchana bucha lilikuwa tupu. Bahati mbaya, aliyefuata hewani ni Mchungaji Lindquist na neno la jioni, mwekundu kama mtu aliyetoka kilabuni. Jumapili iliyofuata kanisa lilifurika watu waliokuja kuhakikisha. Mchungaji alimletea Ardis keki.

Schatz alidhamini jioni zetu kwa miaka kumi na minne zaidi. Harlan, ambaye sasa amestaafu, anasema tangu siku ile alijifunza kumtazama mtu kwanza. Nasi wa dawati la habari tumejifunza kwa Ardis kwamba hata anayepiga simu kwa matusi huwa na jambo la kutuambia.

Asante, Ardis, kwa kila simu uliyoipokea kwa upole, na kwa zile ulizozikata kwa haki. Pumzika vyema, ule vizuri, utazame Chaneli Tisa ukiwa umenyoosha miguu. Namba yetu unaijua. Tunakusihi usitupigie zaidi ya mara tatu kwa jioni.